David Munyua: Daktari wa mifugo aliyefikisha vishale vya Kenya London

KWA miaka mingi mchezo wa vishale umehesabiwa kuwa burudani ya jioni katika vilabu na baa za miji ya Mlima Kenya, kuanzia Nanyuki hadi mitaa ya Nyeri kama Majengo. Desemba 2025 hesabu hiyo ilitikisika. David Munyua, ambaye kazi yake ni udaktari wa mifugo, alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika mashindano ya ubingwa wa dunia ya PDC, shirika linalosimamia wachezaji wa kulipwa, katika ukumbi wa Alexandra Palace jijini London.

Hakwenda huko kutalii. Raundi ya kwanza alikutanishwa na Mike De Decker wa Ubelgiji, aliyeorodheshwa nambari 18 na aliyetwaa taji la World Grand Prix mwaka 2024. De Decker alinyakua seti mbili za mwanzo, akabakiza moja tu kumaliza kazi. Munyua akazitwaa tatu zilizofuatia na kushinda 3-2. Katika raundi ya pili aliondolewa na Mholanzi Kevin Doets.

Asiyeujua mchezo huu huenda asitambue ugumu wa kufufuka namna hiyo. Mchezaji husimama mita 2.37 kutoka ubaoni, na kitovu cha ubao huwa mita 1.73 juu ya sakafu. Huanza na pointi 501, akirusha vishale vitatu kila zamu, na anachopata hutolewa katika hesabu hadi ibaki sifuri kamili. Zamu moja haiwezi kuzaa zaidi ya pointi 180. Lakini kishale cha mwisho sharti kitue katika utepe mwembamba wa ukingoni unaozidisha alama mara mbili, au katika kitovu chenyewe. Hapo ndipo mikono hutetemeka, na ndipo mtu aliyetamba kwa 180 kadhaa hupitwa na mpinzani mtulivu.

Nchini Kenya vishale vina mizizi pia miongoni mwa watumishi wa umma. Vimo katika michezo ya kila mwaka ya wafanyakazi wa kaunti, KICOSCA. Hata hivyo, kati ya kushindania kikombe cha watumishi na kuishi kwa vishale kuna bonde pana.

Mashindano ya London, yaliyomalizika Januari 3, 2026, yalikuwa na wachezaji 128 na zawadi za jumla ya pauni milioni 5. Bingwa, Mwingereza Luke Littler, aliyemshinda Gian van Veen 7-1 katika fainali, alipokea pauni milioni 1. Aliyetolewa raundi ya pili, kama Munyua, alilipwa pauni 25,000, zaidi ya shilingi milioni 4 za Kenya. Ni donge nono, ila si mshahara. Anayetaka kazi ya kudumu huhitaji kadi ya PDC ya miaka miwili, ambayo hushikiliwa na wachezaji 128 pekee na kuwaniwa kila Januari katika mchujo wa Uingereza na Ujerumani. Aidha, nafasi ya mchezaji katika orodha ya ubora hukokotolewa kwa zawadi alizovuna katika miaka miwili, na mashindano mengi yanayotoa zawadi hizo hufanyika Ulaya. Nauli, malazi na viza hutangulia. Mapato hufuata, yakija.

Aliyewahi kulivuka bonde hilo ni Devon Petersen wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 2020 alitwaa German Darts Championship na kuwa Mwafrika wa kwanza kushinda taji la PDC la kiwango hicho. Baadaye alianzisha African Darts Group, na ni kupitia mashindano ya kundi hilo ambapo Munyua alipata tiketi yake ya London.