Chuo Kikuu cha Lubumbashi

Zamani kijana Mkongo aliyetamani masomo makubwa aliona karibu njia moja tu, ndiyo seminari kubwa. Mwaka 1954 Wakatoliki walifungua chuo kikuu cha Lovanium huko Léopoldville. Mwaka 1955 serikali ya Wabelgiji ikaamua kuanzisha chake Elisabethville, katika nchi ya shaba, nacho kikafunguliwa mwaka 1956. Mwanzoni wanafunzi wengi walikuwa Wazungu.

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo hivyo pamoja na kile cha Waprotestanti cha Kisangani, vikawa chuo kimoja cha taifa. Mwaka 1981 vikatengwa tena, ndipo kikaitwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Usiku wa tarehe 11 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa humo, wengine wakauawa. Tusiache kuwaombea.

Kuna Wakristu wasemao: «Chuo cha serikali si chetu.» Sivyo. Waganga wanaotutibu na waamuzi wanaokata mashauri yetu, wengi wametoka humo. Watoto wetu wamo humo pia. Basi, tukiwapeleka kusoma, tuwafuate kwa sala na shauri jema, maana akili bila dhamiri haijengi nchi.