Scott na jangwa la barafu

Ukisema jangwa, akili inakimbilia Sahara: jua, mchanga na ngamia. Kumbe jangwa ni ukame, si joto. Kwenye Ncha ya Kusini, theluji ya mwaka mzima ukiiyeyusha hupati hata milimita 100 za maji. Shajara maarufu ya Kapteni Robert Falcon Scott ni shajara ya jangwani, na naona wengi tunaisoma bila kukumbuka hilo.

Scott na wenzake wanne walifika Nchani tarehe 17 Januari 1912, wakakuta Roald Amundsen wa Norwei kawatangulia kwa zaidi ya mwezi. Hakuna aliyerudi hai. Shajara ilichapishwa mwaka 1913, Uingereza ikapata shujaa. Ndani yake Scott analalamikia sana hali ya hewa. Mwaka 1979 Roland Huntford akaandika kitabu cha kumvua ushujaa: kwake, Scott alikuwa kiongozi mbovu, basi. Baridi ikaonekana kisingizio.

Mwaka 2001 akaja Susan Solomon, mwanasayansi Mmarekani wa mambo ya angahewa. Yeye alilinganisha vipimo vya joto vya msafara ule na vya mitambo ya kisasa iliyowekwa njia ileile. Machi 1912 kweli ilikuwa ya baridi isiyo ya kawaida. Usiku ilikaribia nyuzi 40 chini ya sifuri.

Na baridi ya namna hiyo ina hila. Kwa kawaida sleji huteleza kwa sababu msuguano huyeyusha theluji kidogo chini yake. Baridi ikizidi sana hakuna kinachoyeyuka, theluji inakwaruza kama mchanga. Hao waliburuta mizigo kwa miili yao! Kiu nayo: umezungukwa na maji yaliyoganda, lakini bila mafuta ya taa hunywi hata tone. Kwenye maghala waliyojiwekea njiani walikuta mafuta yamepungua.

Solomon hakumwachia Scott kila kitu, lakini. Ile tufani ndefu ya mwisho, iliyowafungia hemani, anaitilia shaka: upepo wa kule kwa kawaida haudumu siku nyingi hivyo.

Walipopatikana Novemba, hema lilikuwa kama kilometa 20 tu kutoka ghala kubwa. Kando yake kulikuwa na kilo 16 hivi za mawe ambayo hawakukubali kuyatupa. Baadhi yalikuwa na alama za majani ya kale, ya miti iliyowahi kumea huko huko.