Nyimbo za kale: Jinsi ya kukusanya na kuhifadhi santuri na kanda nyumbani

KULAMAWE ni mji mdogo wa Isiolo, kando ya barabara inayoelekea Modogashe na Wajir. Katika nchi ya joto na vumbi kama hiyo, kanda ya kaseti iliyoachwa juani dirishani yaweza kupinda na kuharibika kabisa. Pamoja nayo hupotea sauti ambayo huenda haipo mahali pengine popote.

Kila jamii ina muziki wake wa kale unaoheshimiwa. Wazungu humtaja Beethoven. Watu wa pwani humtaja Siti binti Saad na taarab ya Unguja. Wasomali hutaja qaraami, nyimbo za mapenzi zilizoshamiri tangu miaka ya 1940 zikisindikizwa na udi. Nyimbo hizi si ngeni Isiolo, kwani askari wa Kisomali waliotumikia jeshi la Uingereza walipewa makazi huko baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Aidha, gwiji wa muziki huo, Abdullahi Qarshe, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924.

Aina za rekodi

Santuri za kwanza zilizoenea Afrika Mashariki zilitengenezwa kwa shelaki na kuzunguka mara 78 kwa dakika. Kila upande ulibeba dakika tatu hadi nne na nusu hivi. Siti binti Saad alirekodi santuri za aina hiyo mjini Bombay mwaka 1928, chini ya nembo ya HMV. Kwa sababu ya ufupi huo, Simfonia ya Tano ya Beethoven, iliyorekodiwa mwaka 1913 chini ya uongozi wa Arthur Nikisch, ilihitaji pande nane.

Mwaka 1948 ilitokea santuri ndefu ya plastiki, iliyoweza kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande. Kaseti ilifuata mwaka 1963, nayo ndiyo iliyofika mbali zaidi vijijini. Ilihitaji betri tu, na mwenye redio kaseti aliweza kurekodi mwenyewe matangazo, harusi au mashairi ya wazee. Ndiyo maana kanda iliyomo sandukuni mwa familia yaweza kuwa nakala pekee duniani.

Thamani ya nakala hizo ilidhihirika Hargeisa. Mwaka 1988 mji huo ulipopigwa mabomu na ndege za serikali ya Siad Barre, kanda za redio ya huko zilifichwa, nyingine zikizikwa ardhini. Baadaye taasisi ya Redsea Cultural Foundation ilikusanya kaseti zaidi ya 10,000. Mwaka 2017 baadhi ya nyimbo zilizookolewa zilitolewa katika albamu ya Sweet as Broken Dates, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Kuanza mkusanyiko

Anayeanza na achague uwanja mmoja: mwimbaji mmoja, ala moja au kipindi kimoja. Mkusanyiko mdogo unaoeleweka hufaa kuliko rundo lisilo na mpango. Mahali pa kwanza pa kutafuta ni nyumbani kwa jamaa, kisha maduka ya vitu vilivyotumika. Kwa muziki wa Kenya, shirika la Ketebul Music la Nairobi lilitoa mwaka 2008 mkusanyiko kuhusu historia ya benga, ambao ni mfano mzuri wa kuambatanisha nyimbo na maelezo yake.

Kabla ya kununua santuri, itazamwe kwenye mwanga. Mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha kwa kawaida utasikika. Santuri iliyopinda iachwe. Kaseti ikaguliwe kama utepe haujakunjamana, na kama kile kitambaa kidogo kinachoubana utepe bado kipo.

Utunzaji

Santuri husimamishwa wima, wala hazilazwi moja juu ya nyingine. Za shelaki zisisafishwe kwa spiriti, kwani spiriti huiyeyusha shelaki. Nazo huhitaji sindano pana kuliko ile ya santuri ndefu.

Kaseti zikae ndani ya visanduku vyake, mahali pakavu, penye kivuli na baridi kiasi, mbali na spika, ambazo ndani yake mna sumaku. Katika nyumba ya mabati, mahali pabaya zaidi ni juu karibu na paa. Sanduku lililofungwa vyema, lililoinuliwa kidogo kutoka sakafuni, ni bora. Vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti vivunjwe ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kanda nyingi za wazee zimefutika kwa njia hiyo.

Hatua ya mwisho ni kunakili. Kinasa kaseti kizima huunganishwa na kompyuta kwa waya, na sauti ikahifadhiwa kwanza katika faili isiyobanwa, kwa kuwa MP3 hupunguza sehemu ya sauti. Nakala mbili ziwekwe mahali tofauti, na kanda yenyewe isitupwe.

Sheria nayo izingatiwe. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, rekodi ya sauti hulindwa kwa miaka 50. Kusikiliza nyumbani hakuna ubaya, lakini kuuza nakala bila idhini ya mwenye haki ni kosa.

Majina kwanza

Kazi isiyogharimu chochote ndiyo inayosahauliwa zaidi: kuandika. Kila kanda iandikwe jina la mwimbaji, mpiga udi, mahali na mwaka, na pia jina la aliyetoa habari hizo. Kwa jamii za kaskazini mwa Kenya jambo hili ni la haraka, kwa sababu mashairi mengi hayajapata kuandikwa. Kisomali chenyewe kilipata maandishi rasmi mwaka 1972 tu.

Kompyuta yaweza kunakili sauti ya kanda miaka kumi ijayo, mradi utepe ungali mzima. Mzee anayeitambua sauti hiyo pengine hatakuwapo. Heri kukaa naye leo, kinasa kikiwa kimewashwa na kalamu mkononi.