Lenzi za Ardhi na Lenzi za Nyota: Habari za Kilwa ya Mweru

Kilwa inayotajwa hapa si ile ya Kisiwani iliyo maarufu katika tarikhi ya pwani, bali ni bandari ya ziwa Mweru, katika jimbo la Haut-Katanga, kaskazini ya Lubumbashi, ambako wakati wa kiangazi mbingu hutakata mawingu, na mwenye kamera akisimama ufukweni hutamani kutwaa katika picha moja ziwa lililo mbele yake na nyota zilizo juu yake. Tamaa hiyo ni changa. Kwa muda mrefu tangu kamera ilipotangazwa ulimwenguni mwaka 1839, kupiga picha ya ardhi na kupiga picha ya nyota zilikuwa kazi mbili zenye lenzi mbili, na anayeanza leo akiijua sababu ya utengano huo hatadanganyika kwa wepesi dukani.

Ushahidi wake umo katika tarikhi ya Katanga yenyewe. Mwaka 1898 Charles Lemaire, afisa wa Kibelgiji, aliongoza kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold wa Pili msafara wa elimu uliodumu hata mwaka 1900, akifuatana na mpiga picha François Michel na mchoraji Léon Dardenne. Michel alishika nchi na wenyeji wake katika sahani za kioo, na Dardenne akatia kwa brashi rangi ambazo sahani hazikuweza kuzishika. Ama nyota, hizo zilipimwa kwa jicho, kwa ala na kwa saa, ili mahali pajulikane katika ramani. Msafara mmoja ulibeba kamera na elimu ya falaki pamoja, wala moja haikufanya kazi ya mwenziwe. Picha za Michel zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, na Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alizitumia katika maonyesho ya mwaka 2011 ili zitazamwe kwa jicho la mwenyeji.

Sababu ya utengano ilikuwa katika kioo. Lenzi ya mandhari ilitakiwa ichore dhahiri toka ukingo hata ukingo, na jambo hilo lilipatikana kwa kufinya tundu lake hata nuru ikaingia kwa uchache. Mchana jua lilifidia upungufu huo, lakini usiku hauna fidia. Lenzi ya tundu pana ilikuwapo tangu mwaka 1840, Joseph Petzval alipoibuni huko Vienna kwa kipimo cha f/3.6 (namba ikiwa ndogo tundu huwa pana), ikipitisha nuru zaidi ya mara kumi ya lenzi za mandhari za wakati wake. Walakini ilikuwa safi katikati tu, na pembeni mambo yalivurugika, kwa hiyo ikawa lenzi ya nyuso za watu.

Katika bara hili aliyeielekeza mbinguni kamera ya namna hiyo ya studio ni David Gill, mwanafalaki wa Rasi ya Tumaini Jema. Mwaka 1882, ilipotokea nyota kubwa yenye mkia, alipata msaada wa mpiga picha wa mtaa wa Mowbray, wakaifunga kamera yake juu ya darubini iliyofuata mwendo wa mbingu. Sahani zilipooshwa, nyuma ya mkia ule zilitokea nyota nyingi kiasi kwamba Gill alikata shauri kuziorodhesha nyota za kusini kwa picha. Orodha hiyo, iliyopimwa na Jacobus Kapteyn huko Uholanzi na kukamilika mwaka 1900, ina nyota 454,875.

Karne ya ishirini ndiyo iliyozipatanisha kazi hizi: lenzi ya Ernostar ya mwaka 1924 ilifungua tundu hata f/2, lenzi pana za Pierre Angénieux zikafuata mwaka 1950, na hatimaye zikaja kamera za kidijitali zinazoona katika giza. Kwa hiyo anayeanza atafute sifa mbili: urefu wa fokasi wa milimita 14 hadi 24 kwa kamera ya fremu kamili, na tundu la f/2.8 au pana kuliko hilo, kwani f/2.8 hupitisha nuru mara nne ya f/5.6. Kwa kuwa mbingu huzunguka nyuzi 15 kila saa, agawanye 500 kwa milimita za lenzi apate sekunde za kuiacha wazi: ya 20 itavumilia sekunde 25, ya 50 sekunde 10 tu, na zikizidi hapo nyota hugeuka mistari. Lenzi ya kulengwa kwa mkono isimtie haya, maana gizani hata ile ya thamani kubwa aghalabu hushindwa kujilenga yenyewe.

Kilwa iko karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta, hivyo kati ya Juni na Agosti kitovu cha Njia Nyeupe hupita juu sana usiku. Lakini moshi wa mioto ya porini huichafua hewa kadiri kiangazi kinavyosonga, basi miezi ya mwanzo ni bora. Usiku usio na mwezi ndio autakao mpiga picha, nao ndio wautakao wavuvi wa chisense, samaki wadogo wa ziwa hilo, ambao taa zao ziwani zaweza kuipamba picha au kuiharibu. Asiye na fedha za lenzi mbili na anunue moja, pana na yenye tundu kubwa: mchana ataifinya ipige ardhi, usiku ataifungua ipige nyota.