Kutoka Gahini hadi Katoke: Safari Fupi za Uamsho na Asili ya Neno "Mlokole"

Mijadala kuhusu Kiswahili nchini Uganda huichora lugha hii kama shehena inayosafiri upande mmoja: hutoka pwani, hupanda bara, na Waganda ama huipokea ama huikataa. Makala haya yanatoa ushahidi wa safari ya kinyume. Ushahidi wenyewe ni neno moja, mlokole, lisilo geni kwa Mtanzania yeyote, ambalo kwa maoni yangu liliingia katika Kiswahili kwa miguu ya vikundi vya Wakristo waliovuka mipaka kwa ziara za siku chache tangu miaka ya 1930.

Historia ya vikundi hivyo inaanzia Gahini, mashariki mwa Rwanda, ambako misheni ya Kianglikana ilifunguliwa mwaka 1925. Daktari Mwingereza Joe Church alifika hapo mwaka 1928, na mwaka uliofuata alikutana mjini Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ileile ya upya wa kiroho. Gahini palikuwa mahali pa lugha nyingi. Wenyeji walisema Kinyarwanda, lakini miongoni mwa waliowahudumia walikuwamo watu wa Buganda na Ankole, kama vile Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, na Yosiya Kinuka wa hospitali. Uamsho ulipopamba moto, watu hawa hawakuunda shirika jipya. Waliunda timu: watu wachache, Waafrika kwa Wazungu, wakialikwa na kanisa la mahali, wakikaa siku kadhaa, wakitoa ushuhuda, kisha wakirejea kazini kwao. Timu ya namna hiyo ilikuwa Kabale mwaka 1935, Kabete nchini Kenya mwaka 1937, na Katoke, magharibi mwa Ziwa Viktoria katika Tanganyika, mwaka 1939.

Mipaka ya kiserikali ilikuwapo, kwa kuwa Rwanda ilitawaliwa na Wabelgiji na nchi nyingine tatu na Waingereza, lakini mpaka mzito zaidi ulikuwa wa lugha. Ushuhuda wa uamsho haukuwa mahubiri ya kawaida. Msemaji aliungama mbele ya watu wizi, chuki au uzinzi wake mwenyewe. Ungamo la aina hiyo, likipita katika kinywa cha mtu mwingine, humhitaji mkalimani anayeaminika kama ndugu. Ndiyo maana ukalimani katika safari hizi haukuweza kuwa kibarua cha mtu aliyeokotwa njiani.

Turudi kwenye neno. Katika Kiganda, omulokole ni mtu aliyeokoka, na wingi wake ni abalokole. Kiswahili kiliacha irabu ya mwanzo, kikayaweka maneno hayo katika ngeli ya kwanza na ya pili, tukapata mlokole na walokole, kisha ulokole na kilokole. Jambo la kushangaza ni kwamba ukopaji huu haukuziba pengo lolote. Kiswahili kilikuwa tayari na okoa, okoka na wokovu. Kilichokopwa, basi, hakikuwa dhana bali jina la kundi la watu, watu walioonekana wamekuja kutoka ng'ambo na desturi zao. Baadaye jina hilo lilihamia hata kwa Wapentekoste, na mara nyingi husemwa kwa kejeli.

Kenya ilifuata njia nyingine. Huko neno mlokole halikupata mashiko. Husemwa waliookoka, na Wagikuyu walitumia kitenzi chao honoka. Tofauti hii naieleza kwa njia zilizopitwa na timu. Kabete ilifikiwa kwa tafsiri, kwa sababu wasikilizaji hawakujua Kiganda. Buhaya, kinyume chake, ilikuwa na wasomaji wa Injili ya Kiganda tangu kabla ya misheni ya Bethel kufika mwaka 1910, na Kihaya chenyewe ni jirani wa karibu wa Kiganda. Hapo neno liliweza kuvuka bila kufasiriwa. Wimbo wa "Tukutendereza", hata hivyo, ulibaki na neno lake la Kiganda pande zote mbili. Wimbo hauhitaji mkalimani.

Wakati wenyewe una kinaya chake. Gavana William Gowers alikuwa amependekeza mwaka 1927 Kiswahili kipewe nafasi katika elimu ya Uganda. Kabaka Daudi Chwa akakipinga hadharani mwaka 1929, na maaskofu nao wakakipinga. Wakati viongozi wakibishana, waumini walivuka. Festo Kivengere wa Kigezi alikwenda kufundisha Dodoma mwaka 1946, na mwaka 1960 ndiye aliyemkalimania Billy Graham kwa Kiswahili mjini Moshi. Hakuna waraka wa serikali uliomwagiza ajifunze lugha hiyo.

Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022. Wanaoandaa vitabu vya shule za huko wangefanya vyema kuonyesha maneno ambayo Kiswahili kimeyapokea kutoka Kiganda, na mlokole lingefaa kuwa la kwanza. Kuhusu safari zenyewe, vikundi vya makanisa bado vinavuka Mutukula na Busia kwa ziara za wiki moja. Katika mipango ya safari hizo niliyowahi kuisoma kuna nauli, chakula, dawa na hati za kusafiria; mkalimani huachiwa mwenyeji amtafute asubuhi ya mkutano.