Heller 10 ya Wajerumani, 1908–1914

Tazama tundu la katikati na taji juu yake. Sarafu hii ya shaba iliyochanganywa na nikeli ilitumika Usukumani, Bariadi ikiwemo, enzi za Wajerumani. Heller 100 zilikuwa rupia 1, hivyo kodi ya nyumba ya rupia 3 ilitaka sarafu 30 kama hii. Zilitungwa kwenye uzi. Sababu ni kwamba nguo za kujifunga hazina mifuko.

Shilingi ya Waingereza ilizirithi mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Tafuta herufi ndogo: J ni kiwanda cha Hamburg, A ni Berlin. Wakusanyaji hupanga bei kwa mwaka, herufi na uchakavu. Ukiikuta shambani, usiisugue kwa ndimu wala mchanga: iking'arishwa hushuka bei, hata kama inapendeza.