Syokimau, Reli, na Ukuta Ulio Nyuma ya Nyumba Yako

Wakamba husimulia kwamba nabii Syokimau aliona nyoka mrefu akikatiza nchi yao. Nyoka ni reli, hiyo mnajua. Kile simulizi haisemi ni kwamba huyo nyoka angeukwepa mji wa Machakos, halafu jina la huyo mama liishie kwa mitaa ya mageti.

Machakos ilikuwa makao ya utawala wa Waingereza kabla Nairobi haijakuwa mji. Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, John Ainsworth akahamisha ofisi yake huko. Machakos ikabaki ndogo, na mimi naona hapo ilipata bahati. Pale kati, kutoka soko hadi steji, unatembea tu. Njia moja ikifungwa, unapita nyingine.

Watu walifuata reli na Mombasa Road. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 320,000 kwenye kaunti ndogo ya Athi River, na kama 170,000 kwenye ile ya Machakos. Kule Athi River, mashamba makubwa ya ng'ombe yalikatwakatwa. Kampuni inanunua ekari zake, inachora ploti za futi 50 kwa 100, inaacha barabara moja ya kuingilia, inauza. Jirani anafanya vilevile. Hakuna anayemuuliza mwenzake, barabara yako inatokea wapi? Haitokei. Inagonga ukuta.

Kwa hivyo beshte yako anakaa nyuma ya ukuta wenu, muziki wake unausikia, lakini kumfikia ni utoke geti, ushike boda hadi barabara kubwa, uingie geti lake. Halafu tunashangaa mbona Mlolongo kuna jam. Nairobi Expressway ilifunguliwa 2022, kilomita 27 hadi Westlands, na haimsaidii hata kidogo mtu anayetafuta maziwa upande wa pili wa ukuta.

Marekani walipitia haya kabla yetu. Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walipima barabara zao za karne nzima, na utafiti ukatoka 2015: mitaa mipya ilizidi kujaa barabara zisizotokea hadi miaka ya 1990, ndipo mambo yakaanza kugeuka. Zile za zamani bado ziko vilevile. London iliungua 1666 ikajengwa upya, nyingi ya barabara zikabaki palepale. Nyumba utabomoa. Barabara ikishachorwa na watu wakapewa hati, kuibadilisha ni vita.

Najua mtasema geti ni usalama. Sawa, lakini mlinzi anaweza kukaa hata kwa geti dogo la watembea kwa miguu.

Joska na Malaa, kwenye Kangundo Road, ploti bado zinauzwa. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya kugawa shamba, kwa hivyo kaunti ina nguvu ya kukataa ramani ambayo barabara zake zote zinaishia ukutani. Na wewe ukipelekwa kuonyeshwa ploti, ukishauliza maji na stima, mwambie wakala mtembee pamoja hadi mwisho wa ile barabara.